Sahihi za Jumapili

Ijumaa ile, Zaida alipofungua mlango wa maabara saa nane kasoro, alikuta utepe wa nta unaelea katika beseni la maji ya moto.

Ulikuwa utepe mzuri, na hilo ndilo lililomuudhi kabla hajaanza kuogopa. Vipande vinane vimeshikana kama shanga, vyembamba mpaka unaona chini ya beseni, havina mkunjo hata mmoja. Yeye mwenyewe, kwa miaka sita ya kuzungusha gurudumu la mashine ile ya kukatia, utepe wa namna hiyo aliupata siku za bahati tu.

“Latifo! Nani amekata?”

Latifo, mwenzake wa kazi, aliyezoea kumwita mana, yaani dada, ndio kwanza alikuwa anaingia kutoka msikitini, kofia bado iko kichwani. “Nikate saa ngapi, mana Zaida? Nilikuwa nasujudu.”

“Na mimi nilikuwa nakula kwa mama. Ufunguo huu hapa.”

“Basi umekata wewe ukasahau. Njaa hiyo.”

Maabara yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya kituo cha afya, Palma. Uvimbe uliokatwa kwa mgonjwa huletwa hapo ndani ya chupa ya dawa ya formalini, ukazamishwa katika nta mpaka ukawa bloku, kitu kama kipande cha sabuni chenye namba ubavuni. Bloku hukatwa utepe, utepe hupakwa rangi juu ya kioo, picha ya kioo hutumwa mji mkuu, Maputo, kwa Daktari Alzira, naye akasema: hii saratani, hii siyo. Kazi ni hiyo tu. Kigumu ni kuhakikisha nyama ya Fulani haigeuki nyama ya Fulani mwingine njiani.

Kwa ajili hiyo ukutani kulikuwa na fomu ya wiki. Mtaalamu aliyeileta alikuja na projekta, akaeleza siku mbili kwamba maabara haisimami kwa mashine, inasimama kwa kumbukumbu. Joto la friji. Joto la tanuri. Kemikali zimebadilishwa. Bloku ngapi zimeingia, ngapi zimetoka. Na mwisho kabisa, mstari wa kila sampuli: mtu wa pili amehakiki jina na namba. Kila siku, na Jumapili pia. Watu ni wawili, umeme unakatika unavyopenda, kwa hiyo Zaida na Latifo walifanya wanavyofanya watu waliosoma: kila Jumatatu asubuhi, wakinywa chai, walitia sahihi za wiki nzima iliyo mbele yao. L., Z., L., Z. Wakaguzi walisifu. Fomu zilikuwa safi kuliko sakafu.

Zaida akaitazama fomu. *Ijumaa, saa saba: beseni limewashwa, bloku zimekatwa. Z.* Wino wa Jumatatu.

Alikuwa na shahada, na watu wenye shahada hawaanzi kupiga kelele kwa sababu ya utepe wa nta.

Jumatatu wakakuta kemikali zote zimebadilishwa, chupa zimepangwa, vifuniko vimefutwa. Kwenye fomu iliyokwisha, Jumapili, sanduku la kemikali: Z. Chumba kilinuka formalini kama kawaida yake, na chini ya formalini harufu nyingine, ya karafuu maiti, ile wanayopakwa watu siku wasiyoweza kujipaka wenyewe.

“Kama ni jini,” Latifo akanong'ona, akijaribu kucheka, “si aajiriwe? Anafanya kazi kuliko sisi.”

“Nyamaza.”

“Nakwambia kweli. Hana hata likizo.”

Kisha, na hili Zaida baadaye alijilaumu kuliko yote, wakakaa, wakanywa chai, wakatia sahihi za wiki nyingine. Mikono ilikuwa imeshazoea.

Jumanne ikaletwa chupa ya Sumaia.

Sumaia alikuwa mdogo wake, tumbo moja, mama wa watoto wawili, mwenye uvimbe kwenye titi la kushoto aliouficha tangu mfungo. Daktari Januário, mpasuaji aliyekuja kwa siku kumi, alikata kipande kidogo cha nyama akampa Zaida maneno yaliyonyooka: “Ndege ya wagonjwa inaondoka Jumamosi. Nikiwa na jibu kwamba ni saratani, naenda naye hospitali ya mkoa, Pemba, namfanyia upasuaji Jumatatu. Bila jibu siwezi kumpa mtu kiti. Na ndege nyingine sijui ni lini.”

Sampuli ikapewa namba 318. Utaratibu ulitaka Zaida asimame karibu na Latifo wakati wa kuizamisha katika nta, asome jina kwa sauti, asome namba, kisha atie sahihi. Lakini sahihi ilikwisha kuwapo tangu Jumatatu, na kile kinyama ndani ya chupa, cheupe, kidogo kama punje ya harage, kilikuwa cha mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kutembea. Akatoka nje, akasimama uani mpaka kazi ikaisha.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na bloku mbili zenye namba 318.

“Mimi nilitengeneza moja,” Latifo alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha. “Wallahi, mana Zaida. Moja. Na namba hizi zote mbili ni mwandiko wako.”

Walizikata zote mbili, wakapaka rangi, wakatuma picha. Saa tano simu ikalia.

“Moja ina saratani, haina ubishi,” alisema Daktari Alzira. “Nyingine safi kabisa, kama nyama ya msichana. Ipi ni ya mgonjwa?”

“Tunahakiki, doutora.”

“Mtu wa pili alihakiki?”

Zaida akaitazama fomu. “Ndiyo,” alisema. “Sahihi ipo.”

Saa sita mchana, wakiwa nje, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni, waliisikia wote wawili. *Krr. Krr. Krr.* Gurudumu la mashine linazungushwa polepole na mtu asiye na haraka. Zaida alipotia ufunguo likanyamaza.

Alasiri akapanda pikipiki mpaka kijiji cha Quitunda, kwa Mwalimu Mussagy, aliyefundisha chuo cha Kurani asubuhi na jioni akawasomea watu waliopagawa. Alimkuta mbele ya nyumba yake ya matofali anafunga waya wa paneli ya jua.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Shika hapa.”

Alishika waya, akaeleza, akamwonyesha picha ya fomu kwenye simu. Mwalimu akaikuza kwa vidole viwili.

“Huyu Z. nani?”

“Mimi.”

“Jumapili saa sita ulikuwapo?”

“Hapana.”

“Basi siyo wewe. Nani aliyesema yupo mtu?”

Zaida akaushika waya kwa mikono miwili.

“Wiki ngapi mmeandika hivi?”

“Kumi na moja.”

Mwalimu akaweka koleo chini. “Wapo wanaokuja kwa hasira, wapo wanaokuja kwa mapenzi, hao nawajua. Huyu wenu hakuja. Mmemwita. Mmempa jina, mmempa kazi, mmempa na saa ya kuingia. Mimi nimfukuze kwa kitu gani, na barua ya kazi anayo?” Akamtazama. “Mnapokosea kuandika mnafanyaje huko kwenu?”

“Hatufuti. Tunakata kwa mstari mmoja, tunaandika jina kamili na tarehe.”

“Kumbe dawa mnayo. Kesho, saa yake ileile, kata zote. Kila unayokata, sema kwa mdomo wako: sikufanya. Mimi nitakaa mlangoni nisome. Usibakize hata moja, Zaida. Ukibakiza moja, ana kazi.”

Ijumaa saa saba watu wako msikitini na kituo kiko kimya. Latifo alikata zake kwanza, akatoka akakaa uani. Kisha Zaida akaingia peke yake na faili la wiki kumi na moja na kalamu nyekundu, na nyuma yake, kizingitini, sauti ya mwalimu ikaanza Yasini.

“Sikufanya,” alisema, akakata. Joto la friji. “Sikufanya.” Tanuri. Aliandika Zaida, jina lake lote na la baba yake, tarehe, na mstari unaofuata, na unaofuata, na alipofika wiki ya tatu harufu ya karafuu maiti ikajaa chumbani kama mtu amefungua jeneza. Wiki ya tano gurudumu likaanza, *krr, krr*, pale pembeni yake, mkono wa kulia, na hakugeuza kichwa kwa sababu kwa pembe ya jicho alikuwa ameshaliona koti jeupe, mgongo, shingo, kilemba cha bluu alichokuwa amejifunga yeye mwenyewe asubuhi ile mbele ya kioo cha mama yake, na mkono unaozunguka, unaozunguka, na kila alipokata sahihi moja gurudumu lilipunguza mwendo kidogo kama mzee anayepanda ngazi, na yeye akaendelea kusema sikufanya, sikufanya, mpaka neno lenyewe likapoteza maana mdomoni, mpaka jasho likadondoka kwenye karatasi, mpaka akafika ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, na hapo kalamu ikasimama.

*318. Sumaia. Mtu wa pili amehakiki jina na namba: Z.*

Akikata huo, sampuli haina shahidi. Haina shahidi, haina jibu. Haina jibu, haina kiti. Sumaia atakatwa kipande tena, na Daktari Januário kesho yuko kwenye ndege, na barabara ya Pemba kila mtu anajua watu wanavyovamiwa. Alipiga hesabu haraka kama mtu anayezama. Akichagua bloku mbaya na si ya Sumaia, Sumaia atapoteza titi. Akichagua ile safi na si ya Sumaia, yeye atampoteza Sumaia. Basi ni ile mbaya, na mstari ubaki.

“Zimekwisha?” mwalimu akauliza kutoka mlangoni.

Gurudumu lilikuwa limesimama. Kitu kile kilikuwa kinangoja, kwa adabu, kama mfanyakazi anayesubiri kuambiwa aende au abaki.

“Zimekwisha, mwalimu,” alisema Zaida, akafunga faili.

Harufu ikatoweka palepale. Hakukuwa na mtu kwenye mashine. Mwalimu Mussagy alimtazama kwa muda mrefu, akachukua viatu vyake akaenda zake, na hakumuaga.

Jibu likatumwa. Jumamosi ndege ikaruka na Sumaia ndani, ameshika mfuko wa khanga magotini. Jumatatu Zaida na Latifo walitundika fomu mpya, tupu, na kila sanduku likajazwa na mtu aliyefanya kazi yake, kwa saa yake. Chumba kilinuka formalini tu. Latifo akaanza tena kuimba.

Jumanne mchana simu ikaita.

“Nimeamka, dada.” Sauti ya Sumaia ilikuwa nzito kwa dawa. “Daktari anasema wametoa yote. Anasema ilikuwa yenyewe kweli, na tumewahi.”

Zaida akakaa sakafuni. Alilia bila sauti, mkono mdomoni, na Latifo akageukia ukuta ili asimwone.

“Alhamdulillahi,” alisema alipoweza. “Alhamdulillahi, mdogo wangu. Pumzika. Nikipata nafasi nitakuja.”

Akajifuta macho kwa mkono wa koti.

“Utakuja mara ngapi?” Sumaia alicheka kidogo. “Toka jana umekaa hapa. Manesi wamekuchoka. Umejipaka nini lakini, dada? Nilishindwa hata kunywa uji. Na mikono yako baridi, jamani.”

“Sumaia. Nisikilize.”

“Kila saa unanisomea jina langu, unasoma namba. Nikakuuliza unarudi lini Palma, ukasema bado hujamaliza kuhakiki.” Sauti ikashuka, ikawa ya mtoto aliyeamka gizani. “Wewe... mbona unaongea kwenye simu, na hapo dirishani umenipa mgongo?”

“Sumaia, ita nesi. Ita nesi sasa hivi.”

“Unazungusha mkono,” Sumaia alinong'ona. “Dada, unakata nini?”

Na katika simu, mbali kidogo na mdomo wake, polepole, bila haraka yoyote, Zaida akasikia: *krr. Krr.*