Kiti Kando ya Mama Florentine

Redio ya Motorola ilikwaruza sikioni mwa Banza.

"Jiwe, uko?"

"Niko, mama."

"Muharibu wa ndoa amekwisha kuingia mu salle. Umutafute mbele débat ianze."

"Ndoa" lilikuwa jina la siri la kuunganisha komuni mbili jirani, Kalubi na Musenge, pembezoni mwa Kolwezi. Mama Ntumba, mkuu wa Banza kwenye idara ya ujasusi, ndiye aliyelichagua, kama alivyompa Banza lile la Jiwe. Banza alilichukia. Juzi tu alikuwa amesikia kwamba Mignonne, binti aliyempenda kimoyomoyo, kapata mchumba.

Kati ya komuni hizo kuna kipande cha barabara kisicho na mwenyewe. Kalubi husema ni cha Musenge, Musenge husema ni cha Kalubi, na malori ya kobalti ya magendo hupita katikati kwenda Dilolo na Angola bila mtu kuyasimamisha. Komuni zikiwa moja, kizuizi kitawekwa. Wenye malori walikuwa wamemtuma mtu amwage damu siku ya mjadala wa kuungana, ndiyo ile débat. Majirani walaumiane, na habari ya kuungana ife.

Banza alikuwa na bastola ya Browning chini ya koti na amri: amtafute mtu huyo huku akichunga mlango wa nyuma wa ukumbi.

Hakuuchunga.

Alikuwa anamtazama mchumba.

Donatien. Suti ya buluu, viatu vya ngozi ya mamba, Samsung mpya mkononi. Alijitambulisha kila mahali kuwa ni mfanyabiashara, Muluba, mtu wa kabila la Waluba, wa Kabongo, aliyelelewa na nyanya yake. Ndiye aliyeuletea mjadala zawadi ya spika mbili kubwa nyeusi. Walinzi hawakumpekua. Nani ampekue mchumba wa Mignonne? Mignonne ndiye aliyekuwa mwongozaji wa mjadala, na kiti chake kiliwekwa katikati ya spika hizo.

Donatien alimnong'oneza kitu, Mignonne akacheka. Kicheko hicho Banza alikuwa amekihangaikia kwa muda mrefu bila kukipata. Alimwonea wivu yule bwana kuanzia nywele hadi vile viatu vya kipuuzi.

Akina mama wa komuni zote mbili waliandaa bukari, yaani ugali, sombe la majani ya muhogo, na samaki, ili watu wale kwanza ndipo wagombane. Donatien alichukua sahani yake, akaenda moja kwa moja kuketi kando ya Mama Florentine, mama mzazi wa Mignonne. Akamtania. Akamgusa bega.

Kisha akachovya tonge lake kwenye mchuzi wa mama huyo.

Banza aliacha kutafuna.

Mama Florentine alijisogeza kidogo, akatabasamu kwa aibu. Labda alidhani ndiyo mambo ya siku hizi. Lakini Muluba, tena wa kulelewa na nyanya, hali chakula mbele ya buko, mama wa mwanamke anayemwoa. Hata usoni hamtazami. Akimwona njiani, anapisha. Mtu anaweza kuishi Ulaya akasahau kusali, ila hilo halisahau. Banza, Muluba mwenyewe, alilijua.

Banza aliinamia kola yake.

"Mama, ni huyu muchumba wa Mignonne. Haiko Muluba. Anakula na buko mu sahani moja."

Sauti ya Mama Ntumba ilirudi upesi.

"Banza. Ni akili njo inasema, ao ni wivu?"

"Byote mbili, mama."

Donatien aliinuka. Alimwambia Mignonne anakwenda kuchukua kitu kwenye gari, akatokea mlango wa nyuma. Mjadala ulikuwa unaanza, naye aliyeununulia spika anaondoka.

Banza alimfuata.

Uani Hilux ilikuwa inanguruma, dereva tayari. Kidole gumba cha Donatien kilikuwa juu ya Samsung.

Kitako cha Browning kilimpiga kifundo cha mkono. Simu iliruka, ikatumbukia ndani ya beseni la maji ya kuoshea sahani. Goti likafuata, na suti ya buluu ikalala kwenye vumbi jekundu. Hilux ilikimbia hadi getini, ikakuta Land Cruiser ya idara imeziba njia.

Mafundi walifungua spika. Moja ilikuwa na baruti ya kulipuliwa kwa simu, imeelekezwa kwenye kiti cha Mignonne.

"Umejuaje?" aliuliza Donatien, pingu mkononi.

"Ulikula pabaya, ndugu."

Mjadala uliendelea bila spika. Watu walipayuka, Kalubi ikaitukana Musenge, Musenge ikalipa, na mwishowe mikono mingi ikanyooka: komuni moja, kizuizi kimoja. Damu haikumwagika.

Mignonne, macho mekundu kwa kulia, alimkuta Banza ukumbini.

"Ulikuwa unamuchunga juu ya kazi, ao juu yangu?"

Mama Florentine aliingilia kati, huku akivuta kile kiti kilichoachwa wazi kando yake.

"Kuya, mutoto yangu. Ikala hapa, ukule."

Banza alikuwa na njaa, tonge lake la kwanza lilikuwa limemfia mdomoni. Aliinamisha macho. Akarudi hatua nyuma, akazunguka kwa kuambaa ukuta ili asipite mbele ya mama huyo, akafunga kifungo cha koti na kutoka nje kwenye jua, taratibu.

Mignonne alikaukwa na machozi.

Mama Florentine alikirudisha kiti mahali pake. Akapakua bukari ya moto, akaifunika sahani, akamkabidhi binti yake aipeleke nje.