Kilele cha Dakika ya Kumi na Moja

Foleni ya simu pale posta ya Singida ilifika mlangoni asubuhi ile ya mwaka 1996. Febronia, mpimaji wa kiwanda cha alizeti, blauzi ya kijani na sketi ya mikunjo, alikuwa akipaza sauti kwenye simu kwa kampuni ya mashine huko Dar.

"Kilele! Kwenye karatasi ya mashine! Tunapima protini ya mashudu ya alizeti, na kila siku, dakika ya kumi na moja, mstari unapanda ghafla na kuchora kilele tusichokijua. Wanunuzi wa nje wameanza kutukataa!"

Laini ikakatika. Nyuma yake mwanamume mrefu, suruali imejaa vumbi la safari, akacheka.

"Usipige tena, dada. Fundi waliyemtuma ni mimi. Naitwa Mughwai, mtu wa Mtinko."

"Fundi gani anacheka msibani?"

"Aliyekuta mfiwa mzuri."

Febronia alijaribu kununa, akashindwa.

Wiki tatu walikitafuta kilele hicho katika maabara ya kiwanda. Walibadilisha dawa, wakasuuza chupa, wakafunga upya mrija unaotenganisha protini. Kikabaki. Jioni walitembea kando ya ziwa Singidani, wakitafuna karanga.

"Kilele kikiisha, mpenzi, nitarudishwa Dar."

"Basi kisiishe."

Meneja wa kiwanda akataka jibu la maandishi. Mughwai aliandika kwamba huenda jasho la vidole vya mpimaji linaingia kwenye sampuli. Meneja hakulijali neno "huenda". Siku hiyohiyo Febronia alisimamishwa kazi, na barua yake iliambatanishwa na nakala ya maandishi ya Mughwai.

Aliisoma mara mbili, akavua koti jeupe, akalikunja. Hakulia. Kwao Mwankoko alishika jembe, akapalilia shamba la mama yake siku kumi na mbili. Alikula bila kusikia ladha. Mughwai alipopiga simu ya parokia, Febronia aliitwa, akaenda.

"Febi, laazizi, sikusema ni wewe."

"Uliandika."

"Niliandika huenda."

"Sawa," akasema, akakata.

Mughwai alirudi maabara, akapitisha maji matupu kwenye mashine, bila sampuli, bila mkono wa mtu. Dakika ya kumi na moja, kilele kikapanda. Akafungua pampu. Ndani palikuwa na mpira mdogo unaomomonyoka kwenye dawa; aliufunga mwenyewe Dar, kabla mashine haijasafirishwa. Alipoubadilisha, kilele kikatoweka. Akaandika kosa kwa jina lake, akijua kampuni yake itamfukuza. Ikamfukuza.

Alifika Mwankoko na barua ya meneja ya kumrudisha Febronia kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko shambani."

Febronia, khanga imefungwa kiunoni, aliisoma barua amesimama.

"Nitaanza Jumatatu," alisema.

"Nisamehe. Nataka kukuoa, Febi."

Febronia alitafuta hasira moyoni, haikuwepo. Akatafuta furaha, nayo haikuwepo. Kifua kilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

"Nimekusamehe. Lakini sisikii kitu, Mughwai. Sitakudanganya."

Mughwai alichukua jembe la pili. Walipalilia mistari minne, kisha Febronia akamsindikiza hadi barabarani.

"Nikipata kazi Dar, nikupigie?"

"Nipigie."

"Nikuambie nini?"

"Usiniambie kitu. Safari hii, niulize kwanza."

Febronia akasimama hapo mpaka gari lililombeba Mughwai likapotea, akajigusa shavu. Lilikuwa limelowa.