Unga wa Njia Panda

Kwenye njia panda ya kwanza unga ulikuwa umelambwa. Haukupeperushwa na upepo, wala haukudonolewa na kuku. Ulilambwa, na udongo mwekundu uliobaki ulikuwa umelowa, unanuka mtama uliochacha. Wakimbiaji ishirini na watatu walisimama wakitazamana, hawajui washike kushoto au kulia, na Didas, kiongozi wao, akaanza kufoka.

Kwa kufoka Didas alikuwa hodari. Alikuwa afisa ugavi katika ofisi moja pale Kibaha, na kila Jumamosi aliwakusanya wenzake akawaleta Masaki, huku Kisarawe, wakimbie kilomita kumi na mbili kwenye vilima vya mikorosho na mihogo. Safari hii aliichagua njia mpya yeye mwenyewe. Alfajiri alitangulia na mfuko wa sembe, akachora mishale mchangani, na kwenye kila njia panda akamwaga konzi nzima ili watu wajue pa kugeukia. Njia panda zenyewe zilikuwa nne.

Na aliambiwa. Hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii yote, kwamba aliambiwa! Bi Mwanajuma, mama mtu mzima ambaye shamba lake la mihogo limepakana na njia panda ya kwanza, alimkuta alfajiri ile akimwaga unga, akalitua jembe.

"Mwanangu, unga haumwagwi hapo," alimwambia kwa upole. "Sisi wa huku tukimwaga unga njia panda, tunaita. Na ukiita, uwe unamjua unayemwita, na uwe na neno la kumuaga."

Didas hata shikamoo hakutoa. "Bibi, mimi sina muda wa ushirikina. Hizi ni alama za mbio. Wewe zuia kuku wako tu, basi."

Sasa unga ulipokosekana, alimfuata mama wa watu shambani kwake, mbele ya kundi zima, akamwita mchawi na mwizi. Bi Mwanajuma alimwonyesha viganja vyake. Mikono yake ilikuwa na udongo wa mihogo, haikuwa na unga.

Didas akawaelekeza wenzake njia kwa mkono, mbio zikaendelea, na mkiani mwa kundi alikuwepo Wema, mke wa Didas. Wema ni fundi cherehani pale mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha. Mbio hakuzipenda hata kidogo, ila mumewe alikuwa amemchosha kwa maneno kuhusu mwili wake, akaja ili apate amani. Baada ya kilima cha pili wenzake wote walikuwa wameshampita, na bado alisikia hatua nyuma yake. Didas aliporudi kumhimiza, Wema alimshika mkono.

"Baba Eliya," alinong'ona, "nyuma yangu kuna mtu. Nikisimama, naye anasimama. Ananipumulia hapa shingoni."

"Kimbia, acha visingizio," Didas akasema, akamwacha palepale.

Didas alimaliza wa kwanza, kama kawaida yake. Lakini alimkuta Wema amekaa kwenye ngazi ya duka walipoacha magari, anamsubiri. Hakuna aliyemwona akipita. Hakuwa na tone la jasho. Alikuwa anatabasamu, na kwenye pembe za midomo yake kulikuwa na unga.

Kuanzia kesho yake, kila kulipopambazuka, Wema aliruka kitandani akatoka mbio. Kutoka Kibaha hadi Masaki si mchezo hata kwa pikipiki, lakini yeye alirudi chai haijapoa, nyayo zimechanika, katikati ya vidole ana udongo mwekundu. Chakula hakugusa. Alikomba unga mkavu kwenye ndoo, konzi baada ya konzi. Daktari alimpima Jumatano, akamwambia Didas wazi kwamba moyo wa mkewe hauwezi kuhimili hali ile wiki nyingine.

Alhamisi Didas alimfungia chumbani kwa kufuli, akaegemea mlango kwa bega, akasikia ndani miguu ikianza kukimbia, ikizunguka kitanda, ikizunguka tena, kwa kasi zaidi, na alipotega sikio akagundua kwamba si miguu miwili bali ni minne, miwili myepesi ya Wema na miwili mizito inayoifuata, na ile harufu ya mtama uliochacha ikapenya chini ya mlango ikamjaa kooni, mpaka miguu yote ikasimama kwa pamoja upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na shavu lake.

"Uliniita," ilisema sauti nzito kwa kinywa cha Wema. "Nimekuja. Kisha ukanikimbia. Mgeni huitwa akakimbiwa?"

Siku hiyohiyo Didas alikuwa Masaki, Wema akiwa ndani ya gari. "Shikamoo, mama."

"Leo umejua kuamkia?" Bi Mwanajuma hakuficha hasira yake, na ilikuwa haki yake. "Nitakusaidia kwa ajili ya huyo binti. Wewe sina haja nawe."

Alimwita kaka yake, Mzee Mwishehe, mganga. Mzee alimtazama Wema aliyekondeana, kisha akamgeukia Didas.

"Njia umeifungua kwa mkono wako, utaifunga kwa mkono wako. Tutatembea, mchana huuhuu, njia panda zote nne. Kila moja utafukia kwa udongo pale ulipomwaga unga, na kuomba radhi. Mgeni wako atakutukana. Usimjibu kwa ukali, hata neno moja, maana hasira yako ndiyo chakula chake. Ukimfokea, umemwita upya."

Njia panda ya kwanza, ile sauti nzito ilimtukania wazazi wake. Didas alifukia, akaomba radhi. Kwenye ya pili ikamtukana tena, akauma meno. Kwenye ya tatu Wema alikohoa kwa nguvu, akakaa chini, akaomba maji, na Mzee Mwishehe akamnywesha. Didas hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa ameshatangulia, anataka kumaliza.

Alipokuwa akifukia ya nne, Wema alisimama nyuma yake.

"Miaka kumi na mmoja unanidharau, Baba Eliya," alisema. "Unaniita gunia mbele za watu. Nimekuambia kuna mtu nyuma yangu, ukaniacha peke yangu."

Didas aliruka juu, mishipa imemtoka. "Nyamaza, shetani mkubwa we! Mwanaharamu! Nani kakupa ruhusa ya kuniambia hayo?"

Mzee Mwishehe alishika kichwa. "Yule mgeni aliondoka kule kwenye ya tatu," alisema taratibu. "Huyo alikuwa mkeo."

Wema alimtazama mumewe, machozi yanamtiririka, akafungua mdomo. Harufu ya mtama ilipanda kutoka ardhini, machozi yakakauka usoni, akatabasamu, akatoka mbio.

Didas alimfuata. Pumzi ilimwisha kwenye kilima cha kwanza, akapiga magoti katikati ya mihogo. Wema alikuwa tayari anapanda cha tatu, na kwa kila hatua yake vumbi lilitimka mara mbili.

"Nisamehe, mke wangu," Didas alisema. Angelisema hivyo dakika tano tu kabla, mpumbavu yule!

Wema hakugeuka. Alishuka upande wa pili wa kilima, na mpaka leo hajarudi Kibaha.