Chupa Namba Tisa

Siku ya gulio pale Chanika, Faudhia alikuwa ameinama akichagua mafungu ya mchaichai, gauni lake la kitenge cha njano limemkaa barabara, mbwa alipomnusa kisigino. Aligeuka kwa ukali. Alipomwona mwenye mbwa, ukali wote ukamwisha.

"Samahani, dada. Hang'ati huyu, ana adabu kuliko mimi," alisema Mhina, mkulima wa Kang'ata, shati jeupe, tabasamu la kuvunja ndoa za watu.

"Na hivi vidonda vyake mgongoni?"

"Amechomwa sindano, amemeza vidonge, wapi! Havisikii dawa."

Faudhia alichuchumaa akavitazama. Alikuwa mtaalamu wa mifugo kutoka Korogwe, na utafiti wake wa shahada ulihusu mbwa wa namna hiyo hasa, wenye bakteria wa ngozi waliokwisha kuwa sugu kwa dawa. Alitaka kujua kama mafuta ya mchaichai yangewaweza. Alihitaji mbwa ishirini, na alikuwa na chupa ishirini zenye namba. Nusu zilikuwa na dawa, nusu mafuta ya alizeti matupu, na zote zilitiwa manukato yaleyale ili zinukie sawa. Hata yeye hakujua ipi ni ipi; siri ilifungiwa kwenye bahasha chuoni mpaka mwisho wa utafiti.

"Usiongeze chochote, utaniharibia," alimwonya Mhina, akimkabidhi chupa namba tisa.

Kila Ijumaa alimpigia simu.

"Hujaongeza kitu, mpenzi?"

"Wallahi sijaongeza. Kilichoongezeka ni mapenzi tu."

"Hebu nitokee!" Faudhia alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hata kabla utafiti haujaisha, barua ya posa ilikuwa imefika Korogwe na kujibiwa. Wazee wa Mhina walisubiriwa Jumapili.

Lakini mapenzi yana wazimu wake. Wiki ya tatu vidonda vilikuwa vilevile, na Mhina akaona mchumba wake ataaibika. Alikwenda dukani kwa Kulsum, muuza dawa za mitishamba, akanunua mafuta makali ya mchaichai, akayamimina kwenye chupa. Mbwa akapona. Mjinga akafurahi!

Alhamisi, bahasha yenye siri ya namba ikafunguliwa. Jioni simu ya Mhina ikaita.

"Namba tisa ilikuwa alizeti tupu," Faudhia alisema. "Mbwa wako amepona kwa nini?"

"Niliongeza. Nilitaka ufaulu, mpenzi."

"Lini?"

"Wiki ya tatu."

"Ya nne nilikuuliza. Ya tano nikakuuliza. Uliniapia, Mhina!"

"Kwa ajili yako!"

"Mbwa nitamtoa kwenye utafiti, nitajieleza, yataisha." Sasa alikuwa akilia waziwazi. "Lakini nitaishije na mume ambaye akisema ametoka shambani, nitakwenda kutazama matope kwenye viatu vyake?"

"Nisamehe, Faudhia. Sitarudia kukudanganya."

"Unaapa?"

Mhina alifungua mdomo. Akaikumbuka ile wallahi yake ya kila Ijumaa, akaangua kilio.

"Basi waambie wazee wasije Jumapili," Faudhia alisema, akakata simu.