Nafasi ya Somo la Tisa

Mshonaji alikuwa na vyerehani viwili sebuleni, na wateja wasiokwisha. Kila siku saa kumi alasiri, televisheni ya kebo ilionyesha mafunzo ya kushona makoti. Saa hiyohiyo ndipo wateja walipojaa mlangoni wakitaka kupimwa. Kwa hiyo aliacha king'amuzi kirekodi somo, naye akalitazama kesho yake asubuhi, kabla ya kazi.

Asubuhi moja alibonyeza rimoti, akapigwa na butwaa. Somo la nane lilikatika katikati. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameinua mkasi, mara kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi: "Hifadhi imejaa."

"Baba watoto!" aliita. "Njoo uone mipira yako ilivyonifanyia!"

Mumewe, mwashi, alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Akazihesabu mechi alizorekodi. Zilikuwa thelathini na moja.

"Hizi sifuti," alisema. "Nyingine sijazitazama."

"Na zile ulizozitazama?"

"Hizo ndizo tamu zaidi."

Mshonaji hakucheka. Somo la leo, la tisa, lilihusu kola. Alikuwa amekwisha kupokea kitambaa cha koti la bwana harusi, na kola ndiyo iliyokuwa ikimtoa jasho.

Mwashi akajikuna kichwa. Akafungua kabati, akatoa diski ya nje, ndogo kama daftari la mfukoni.

"Tunachomeka hii, nafasi inaongezeka. Kwisha kazi!"

Akaichomeka nyuma ya king'amuzi. Kioo kikaandika: "Diski hii itafutwa na kuandaliwa upya. Endelea?" Mwashi hakusoma hadi mwisho. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe.

"Shemeji, usibonyeze!"

Alikuwa jirani yao, fundi mstaafu wa simu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyaya. Alikuja kuchukua sketi yake, na bado alikuwa amesimama mlangoni.

"Ndani ya hiyo diski mna nini?" aliuliza.

Mwashi alifikiri kidogo. "Picha za watoto walipozaliwa. Na video ya marehemu mama, akiwabembeleza."

"Mmezinakili mahali pengine?"

"Hapana."

Mwashi aliiweka rimoti mezani taratibu. Akaketi.

"King'amuzi hakichanganyi vitu vyake na vya watu," Mama Nyaya alieleza. "Diski yoyote mtakayokipa, kinaifuta yote kwanza. Kizimeni, kisha mwichomoe hiyo. Tafuteni nyingine, tupu. Lakini si kila king'amuzi kinakubali diski ya nje. Kitabu cha maelekezo kiko wapi?"

Walikikuta chini ya rundo la vitambaa. Kilisema king'amuzi chao kinakubali diski yenye waya wake wa umeme.

Mchana mwashi alirudi kutoka dukani na diski mpya ya aina hiyo. Akataka kuibandika juu ya king'amuzi.

"Weka kando," alisema Mama Nyaya, aliyekuwa amerudi kuwasaidia. "Hicho hupata joto."

King'amuzi kilipokuwa kimezimwa, waliunganisha waya. Wakakiwasha. Lile swali likatokea tena. Safari hii mwashi alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, ndipo akabonyeza. Kisha wakaingia kwenye mipangilio, wakachagua kurekodi kwenye diski ya nje.

"Msiichomoe kikiwa kinarekodi," Mama Nyaya aliwaonya. "Na mtakachorekodi kitafunguka kwenye king'amuzi hiki tu."

"Kwa hiyo kaka yangu siwezi kumpelekea mechi?"

"Atakuja kutazama hapa."

"Basi kupika utapika wewe," mshonaji alimwambia mumewe.

Saa kumi alipima wateja watatu bila kugeuka kutazama televisheni. Mwashi alikuwa kwa Mama Nyaya, akinakili picha na video zake kwenye kompyuta.

Kesho yake asubuhi somo la tisa lilikuwepo, mwanzo hadi mwisho. Mshonaji alilisimamisha penye kola. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena, mara nne, hadi akaona mwalimu alivyougeuza mkono wake alipoikunja kola. Akazima televisheni, akatandaza kitambaa cha bwana harusi mezani, akachukua chaki.