Kibuyu cha Kaluki na Alama ya Mzinga

Kwaru. Kwaru. Kwaru-kwaru.

Hata kabla ya kufumbua macho, Kaluki aliijua sauti ile. Ulikuwa msumari ukikwaruza ganda la kibuyu, na ndio uliomwamsha kila asubuhi kabla ya jogoo. Alipotoka nje alimkuta nyanya yake, Ndila, ambaye wajukuu wote walimwita Susu, ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko. Kibuyu kilikuwa mapajani, na msumari ulionolewa ukitembea mkononi mwake kana kwamba unaijua njia.

"Umeamka?" Susu aliuliza bila kuinua macho. "Leo nani atachora kobe?"

"Mimi, Susu."

"Kobe wako wa juzi alikuwa na miguu mitano."

"Mmoja ulikuwa mkia!"

"Mkia mrefu hivyo? Basi huyo alikuwa mjusi aliyejifunika sufuria."

Wote wawili walicheka. Kaluki alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikuwa darasa la sita katika shule iliyokuwa karibu na soko la Matiliku. Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, alichora kidogo pamoja na Susu. Alijifunza kuchora jua, ndege, kobe na njia ya mifugo kwenda mtoni. Michoro hiyo Susu aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa wa kabla yake.

Siku moja ya mwaka wa 1976, mgeni alifika shuleni. Alikuwa Bi Mwanahamisi, afisa wa utamaduni aliyezaliwa Kitui mjini, mwanamke mwenye sauti nzito na leso safi begani.

"Jumamosi tutakuwa na maonyesho sokoni," alisema. "Nataka sanaa za kale za Wakamba. Leteni vigoda, vibuyu, mishale, mikufu. Vitu kumi vitakavyopendeza zaidi vitapelekwa Nairobi, na kila kimoja kitaandikwa jina la nyumba kilikotoka."

Wakati wa mapumziko Muli, mwanafunzi mwenzake Kaluki, alijipiga kifua. "Kwetu kuna kigoda cha babu wa babu yangu, kimepambwa kwa nyaya za shaba. Kwenu kuna nini, Kaluki? Vibuyu vya jana?"

Maneno hayo yalimchoma Kaluki kwa sababu yalikuwa kweli. Hakuna mkono uliochora kama wa Susu katika vilima vile vyote, lakini vibuyu vyake vilitolewa kwa maharusi na marafiki vikaenda zao. Kile cha zamani, cha mama yake Susu, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Je, jina la Susu lisifike Nairobi kwa ajili ya mchwa?

Jioni hiyo alichukua kibuyu kipya akaenda nacho bondeni, mahali ambapo hakuna aliyemwona. Alichora jua, akachora ndege, akachora kobe. Bado palibaki nafasi tupu shingoni. Karibu na mto mkavu palikuwa na mzinga wa nyuki mkuukuu ulioanguka kutoka mtini, na kwenye mfuniko wake palikuwa na alama iliyochomwa kwa moto: mistari miwili iliyopishana na nukta tatu juu yake. Kaluki aliipenda. Hakumwuliza mtu maana yake. Aliinakili shingoni mwa kibuyu chake.

Kisha akakizeesha. Alikipaka mafuta ya mbarika na masizi, akakining'iniza juu ya moshi wa jiko nyuma ya vikapu, akakizika jivuni siku mbili. Alipokitoa, kilikuwa cheusi kama kitu kilichoona njaa na vita.

Alimpelekea Bi Mwanahamisi katika ofisi ya chifu.

"Mashallah!" alisema afisa huyo akikigeuzageuza. "Ni cha nani?"

"Cha mama yake nyanya yangu."

"Kina umri gani?"

"Kimepita miaka mia."

Bi Mwanahamisi aliyaandika maneno hayo kwa kalamu ya wino kwenye kadi, akaifunga kadi kwa uzi shingoni mwa kibuyu. Kaluki aliutazama wino ukikauka. Moyo wake ulidunda kwa furaha, na chini ya furaha hiyo palikuwa na kitu kidogo kilichokwaruza.

Jumamosi soko lilijaa. Kigoda cha kina Muli kilikuwa kimewekwa mezani, kiking'aa. Lakini Bi Mwanahamisi alipotaja vitu kumi vya kwenda Nairobi, cha kwanza kilikuwa kibuyu cha nyumba ya Ndila. Muli alifungua mdomo akasahau kuufunga. Kaluki alijihisi mrefu kuliko watu wote.

Hapo ndipo Mzee Kilonzo alipopenya katikati ya watu. Alikuwa mfuga nyuki mashuhuri, na koti lake lilinuka moshi na asali siku zote. Alikiinua kibuyu, akakitazama shingoni, akaipapasa alama kwa kidole.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Nyumbani kwa Mama Nzioka," mtu mmoja alijibu. Hilo ndilo jina ambalo wazee wenzake walimwitia Susu, kwa sababu Nzioka, baba yake Kaluki, alikuwa mwanawe wa kwanza.

Susu mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza afike na akina mama wa kanisa, kikapu chenye msumari na vibuyu visivyochorwa kikiwa mgongoni. Hakuwa na habari yoyote ya kibuyu. Mzee Kilonzo alimgeukia.

"Mama Nzioka, hii ni alama ya ukoo wetu. Baba yangu aliichoma kwenye kila mzinga wake ili mtu asiguse asali yetu. Mama yangu aliichora kwenye vibuyu vyake. Mwaka wa njaa nyumba yetu ilivunjwa, na vibuyu vikaibwa. Miaka yote hii mimi na wewe tunasalimiana kisimani, kumbe kibuyu cha mama yangu kimo jikoni mwako?"

Mwanamke mmoja wa kanisa alisogea hatua moja mbali na Susu. Hatua moja tu, lakini Kaluki aliiona.

Susu alikipokea kibuyu taratibu. Kidole gumba chake kilipita juu ya jua, kikapita juu ya ndege, kikasimama juu ya kobe. Alihesabu miguu. Kisha aliinua macho, akamtazama mjukuu wake.

"Mzee Kilonzo," alisema kwa upole, "kibuyu hiki kina mwenyewe. Tungoje aseme."

Kaluki alitazama chini. Akisema, jina lao halitakwenda Nairobi, na Muli atacheka mpaka mwisho wa muhula. Asiposema, kesho Susu ataitwa mwizi kisimani, kanisani na kila atakapopita. Miguu yake ilitaka kukimbia. Badala yake ilimpeleka mbele.

"Ni changu," alisema. "Nimekichora mimi, wiki hii. Nilikipaka masizi na kukizika jivuni. Alama niliiona kwenye mzinga ulioanguka bondeni. Susu hajui lolote. Nilidanganya."

Mzee Kilonzo alitikisa kichwa. "Mtoto anamfunika nyanya yake."

"Basi tia pua ndani," Susu akamwambia.

"Nini?"

"Tia pua, mzee! Umelelewa kwa maziwa ya kibuyu. Hiki cha mama yako kinanuka nini?"

Mzee alinusa. Alinusa tena. "Moshi," alikiri. "Na mbegu mbichi."

"Kibuyu cha miaka mia kisichojua maziwa!" Susu akasema, na watu wakaangua kicheko.

Lakini Kaluki hakucheka. Alichukua msumari na kibuyu kitupu kutoka kikapuni mwa Susu, akaketi chini mbele ya wote. Kwaru, kwaru, kwaru. Kobe alipokamilika, Mzee Kilonzo aliviweka vibuyu viwili pamoja. Ndugu wawili wasingefanana zaidi, kila mmoja na mkia wake mrefu kama mguu wa tano.

Mzee aliivua kofia yake. "Mama Nzioka, nimekuita mwizi mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Nimekusamehe," Susu alijibu. Yule mwanamke wa kanisa alirudi hatua yake, akamsaidia kutua kikapu.

Bi Mwanahamisi alikata uzi, akaichana kadi. "Hiki hakiendi Nairobi," alisema. "Kigoda cha kina Muli ndicho kitakuwa cha kwanza. Kaluki, uliniambia uongo nami nikauandika. Ningeubeba mpaka Nairobi, na watu wangeusoma na kuuamini hata baada yetu sisi wawili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Naomba msamaha."

"Sasa nisikilize vizuri. Mtindo huu ni wa kale, na hilo ni kweli. Mkono wako ni mchanga, na hilo pia ni kweli. Kwa nini uliuonea haya ukweli huo wa pili? Mama yake Susu naye alipochora cha kwanza kilikuwa kipya."

Alitoa kadi nyingine, akaandika: *Kimechorwa na Kaluki, binti Nzioka, miaka 12. Mwalimu wake ni Ndila. Matiliku, 1976.* Akaifunga kwenye kile kibuyu kipya chenye kobe mmoja, akakiweka kwenye meza ndogo pembeni. Haukupita muda watu walikuwa wamejaa kwenye meza hiyo, na Susu alikuwa akiwaeleza maana ya kila mchoro. Hata Muli alikuja. "Huyo kobe ni mbaya," alisema, "lakini nifundishe."

Susu alimvuta Kaluki karibu. "Mchoro unasema, mjukuu wangu. Ukiweka alama ya watu usiyoijua, unasema maneno yao bila ruhusa yao. Uliza kwanza. Na ukiona kazi yako haitoshi, ifanye tena asubuhi ya pili. Usiifunike kwa masizi."

Mzee Kilonzo alikuwa bado amesimama, akipapasa ile alama shingoni mwa kibuyu cheusi. "Tangu vile vya mama vipotee," alisema polepole, "hakuna aliyetuchorea tena. Ukifuta hii ya wizi, unaweza kunichorea moja ya halali? Nakuruhusu mimi mwenyewe."

"Kobe nitamtoa mkia?" Kaluki aliuliza.

"Thubutu! Mwache nao, nijue ni wako."

Kaluki alisimama wima. Akasema kwa sauti iliyofika hadi meza ya mwisho:

"Mzee Kilonzo, nakuahidi mbele ya Susu na mbele ya watu hawa. Nitakuchorea kibuyu chenye alama ya mama yako, na chini yake nitaandika jina langu na mwaka, ili mtu yeyote asije akadhani ni cha kale."