Kufuli Mbili za Bomba

Kila asubuhi kabla ya shule nilibeba dumu langu la njano, nikapita mbele ya bomba la kijiji na kuteremka hadi lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo. Bomba lilikuwa zima. Lakini tangu uchaguzi wa kijiji, mlango wa kibanda cha pampu ulikuwa na kufuli mbili: moja ya baba yangu, Margwe, wa chama tawala, nyingine ya mzee Felician wa upinzani. Kila upande uliogopa mwenzake asije akajisifu kwamba ndiye aliyeleta maji. Walikubaliana kufungua pamoja kila siku. Wakafungua siku nne tu. Siku ya tano waligombana nani amsubiri mwenzake, na sisi tukarudi kuchota maji pamoja na ng'ombe. Watu wazima na akili zao!

Haikuchukua muda, mdogo wangu Alfredi, wa miaka mitatu, akaanza kuhara. Nesi Konsolata wa zahanati alimpa dawa.

"Dawa peke yake haitoshi," alimwambia mama. "Asiguse tena maji ya lambo."

Mama alichemsha maji, lakini ilikuwa msimu wa kuvuna na alishinda shambani. Mtoto mwenye kiu hangoji sufuria ipoe. Hali ya Alfredi ilipozidi kuwa mbaya, nilikimbia kwa mzee Felician.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Marieta. Umetumwa na baba yako?"

"Hapana. Alfredi anaumwa sana. Naomba ufungue kufuli yako."

Alinitazama kwa huruma. "Pole, mwanangu. Baba yako aje mwenyewe, nitafungua sasa hivi."

Nilirudi mbio kumwambia baba.

"Niende kwake?" alifoka. "Ili waseme Margwe amewapigia magoti? Aje yeye!"

"Margwe, mtoto anakwisha," mama alisema huku akilia.

"Kesho nitaongea na mtendaji wa kijiji," baba alijibu.

Alfredi alifariki alfajiri.

Kwetu msiba hauna chama. Majirani wote walikuja, na mzee Felician akaingia kaburini kuchimba pamoja na vijana. Wanawake waliposema hakuna maji ya kuwapikia waombolezaji, alitoka na udongo mikononi, akamwendea baba.

"Margwe, ufunguo wako."

Wakaenda pamoja. Hata dakika moja haikuisha, maji yakamwagika ndooni. Niliuchukia mlio ule.

Baada ya mazishi Nesi Konsolata alisimama.

"Leo mmefungua ili sisi tunywe chai," alisema. "Mtoto huyu alihitaji kikombe kimoja tu. Bishaneni mikutanoni, pigeni kura mnavyotaka. Lakini maji, zahanati na shule ni vya wote. Mkivigombania, wanaoumia ni watoto."

Baba na mzee Felician waliweka kufuli zao miguuni pake.

Miaka minne sasa bomba liko wazi, nami siteremki tena lamboni. Mwaka huu Alfredi angeanza darasa la kwanza.